Mambo ya Mitambo: Oili ya Zamani Isiyotaka Kutoka

Mackinnon Road ni kituo cha watu wa safari tangu zamani. Reli ya kwanza ilipita hapo, barabara kuu ya Mombasa na Nairobi yapita hapo, na kando ya reli pana msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, ambapo madereva wengi husimama kuomba dua kabla ya kuendelea na njia. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza ilianza kujenga hapo ghala kubwa mno la vifaa vya jeshi, na mwaka 1954 mahali hapo palitumiwa kuwa kambi ya kuwafungia watu wakati wa Hali ya Hatari. Malori ya jeshi yamekwisha kwenda zake. Siku hizi chombo kinachowalisha vijana wengi wa hapo ni pikipiki, nayo huwachukua watu na magunia ya mahindi na mbuzi na mitungi ya maji katika njia za vumbi jekundu, kwenda Kilibasi na vijiji vingine ambavyo motokaa havifiki ila kwa nadra.

Kati ya wenye pikipiki hizo kuna ubishi mmoja usiokwisha, na ubishi huo si wa Mackinnon Road peke yake, maana tumeusikia pia Kinango, Diani na Msambweni. Mtu akimwaga oili chafu ya injini ili atie mpya, oili haitoki yote. Hutiririka kwanza kwa nguvu, kisha huwa uzi mwembamba, kisha hutona tone baada ya tone, na hata ukingoja nusu saa bado tone jingine laja. Je, hiyo ibakiayo ndani itaiharibu mpya? Wako wasemao kwamba lazima itoke yote, hata kama ni kwa kuiosha injini kwa mafuta ya taa. Na wako wasemao kwamba, maadam haitoki yote, hapana haja ya kumwaga hata kidogo. Yatosha kuongeza oili mpya juu ya ile ya zamani kila inapopungua. Kundi la kwanza lina bidii, la pili lina uvivu, lakini yote mawili huishia kwa fundi yule yule, injini ikiwa imefunguliwa vipande vipande juu ya gunia.

Kwanza yafaa tufahamu ni kiasi gani tunachobishania. Tumbo la injini ya pikipiki ya kawaida ya bodaboda huchukua oili kadiri ya lita moja. Ukifungua kitabu cha pikipiki kitolewacho na watengenezaji, aghalabu utaona vipimo viwili vya oili vimeandikwa: kimoja ni cha wakati wa kubadilisha oili tu, na cha pili, ambacho ni kikubwa zaidi, ni cha wakati injini imefunguliwa yote na kukaushwa. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo oili ambayo mtengenezaji mwenyewe anajua kwamba haitatoka. Mara nyingi ni kama sehemu moja katika kumi, au zaidi ya hapo kidogo. Hukaa katika pembe za tumbo la injini zilizo chini ya tundu la bolti, na katika pampu, na katika vijia vyembamba vipelekavyo oili juu kwenye vali, na baina ya sahani za klachi, na kushikamana na meno ya gia. Kwa hiyo waliounda chombo hicho walikwisha kulihesabu jambo hili, wala hawakuliona kuwa ni aibu.

Sasa tufanye hesabu kidogo, kwa sababu hesabu hukata maneno. Tuseme kwamba injini, katika muda wa kutoka badiliko moja la oili hadi jingine, huingiza katika oili vipimo 9 vya taka, yaani masizi, unga wa chuma na vumbi. Mtu abakishaye sehemu moja ya kumi ya oili ya zamani kila mara, atajikuta mwishowe ameanza na kipimo 1 cha taka, akaongeza 9, zikawa 10. Akimwaga sehemu tisa za kumi, hubaki tena 1. Hapo pamesimama, hapazidi. Lakini mtu amwagaye ovyo, akabakisha theluthi nzima, yeye atafika mahali ambapo huanza na vipimo 4 na nusu, akaongeza 9, zikawa 13 na nusu. Akimwaga theluthi mbili, hubaki tena 4 na nusu. Huyu ametoa fedha ile ile ya oili mpya, walakini pikipiki yake kila mara huanza safari na nusu ya uchafu wa safari iliyopita. Na yule asiyemwaga kabisa, bali huongeza tu, taka zake huzidi siku zote, isipokuwa zile chache zitokazo pamoja na oili inayovuja au kuungua.

Kwa hiyo kazi yetu si kupigana na tone la mwisho. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba tunabakisha sehemu ya kumi wala si theluthi, na tofauti hiyo hutokana na namna ya kumwaga, bila kununua chombo chochote.

Jambo la kwanza ni joto. Wengi humwaga oili asubuhi na mapema, injini ikiwa imelala baridi usiku kucha, kwa sababu huo ndio wakati wenye nafasi. Oili iandikwayo 20W-50, ambayo ndiyo itumikayo sana katika pikipiki hizi, ikiwa katika joto la digrii 40 huwa nzito karibu mara nane au tisa kuliko ikiwa katika digrii 100. Hata jua la Taru, ambalo kila mtu analijua, haliwezi kuipasha injini iliyosimama kama inavyopashwa na kazi yake yenyewe. Isitoshe, injini ikiwa imetulia muda mrefu, taka nzito huzama chini na kuganda, oili ikatoka na taka zikabaki. Basi iendeshe pikipiki kama dakika kumi, kisha izime, ungoje kidogo tu, ukafungue. Hapo oili hutoka nyepesi kama maji, imebeba uchafu wake. Jihadhari na mkono wako, maana oili hiyo huunguza, na bomba la moshi huunguza zaidi.

Jambo la pili ni kusimama. Pikipiki iegemeapo upande wa kushoto kwa mguu wake mmoja, tumbo la injini nalo huegemea, na oili hukusanyika katika pembe ya upande huo. Ikiwa tundu la bolti haliko katika pembe hiyo, basi oili nyingi imejificha. Isimamishe pikipiki kwa stendi ya katikati, mahali palipo sawasawa, wala si kwenye mteremko wa kando ya barabara kama tuonavyo mara nyingi. Fungua kifuniko cha juu, pale pa kutilia oili, ili hewa iingie. Chupa iliyopinduliwa na kuzibwa nyuma haimwagi vizuri, na injini ni vivyo hivyo. Kisha fungua bolti ya chini. Uzi wa oili ukikatika na kuwa matone, mwite mwenzako mkaiinamishe pikipiki polepole upande wa kulia, kisha wa kushoto, halafu muirudishe wima. Mtashangaa kuona uzi umeanza upya.

Baada ya hapo, ufunguo ukiwa umezimwa, kanyaga kiki mara tano au sita, taratibu. Pampu itageuka na kusukuma nje ile oili iliyokuwa ndani yake. Jambo hili limo hata katika vitabu vya mafundi vya pikipiki nyingine za Kijapani, wala si uzushi wa barabarani. Lakini tahadhari: ni kukanyaga kiki, si kuiwasha injini. Wako wanaoiwasha injini ikiwa tupu, “isukume iliyobaki,” na kuiacha ingurume. Pistoni inayokwenda mara elfu kwa dakika bila oili haihitaji muda mrefu kukwaruza silinda, na mkwaruzo huo haufutiki. Ikiwa huna hakika kama ufunguo umezimwa, vua waya wa plagi.

Ukiisha kufanya hayo, ngoja dakika kumi na tano. Kunywa chai. Matone yatakayobaki baada ya hapo yaache yabaki.

Hapa sharti tuseme habari za mafuta ya taa, maana ndiyo dawa inayosifiwa sana na mafundi wa kando ya njia, na wengine hutumia dizeli au hata petroli. Hufunga bolti, wakatia nusu lita ya mafuta ya taa, wakaiwasha injini kidogo, kisha wakamwaga. Kinachotoka huwa cheusi tititi, na mwenye pikipiki hufurahi kwa kuona kwamba amesafishiwa. Msomaji na afikiri. Pembe zile zile zilizokuwa zikikataa kutoa oili ya zamani, zitatoa mafuta ya taa yote? Hasha. Palipobaki oili patabaki mafuta ya taa, sasa ndani ya pampu na vijia na klachi, nayo yatachanganyika na oili mpya na kuifanya nyepesi kabla haijafika hata Taru. Afadhali oili kuukuu, ambayo ijapokuwa chafu bado ni oili, kuliko kitu ambacho kazi yake ni kuondoa ulaini wa oili. Tena, mafuta ya taa hubandua utandu mgumu ulioshikamana kwa miaka mingi, na vipande vyake vikaenda kuziba vijia vyembamba vya juu. Injini iliyoingia kwa fundi ikiwa chafu lakini nzima, hutoka ikiwa safi na yenye kiu.

Wengine hutumia upepo. Watengenezaji magurudumu ya malori walioko katika barabara kuu wana mashine za kujaza upepo, na vijana huomba mpira wapulize katika tundu la juu ili oili itoke kwa nguvu chini. Jambo hili si baya kama lile la mafuta ya taa, walakini mashine hizo huwa na maji ndani ya tangi zake, na mpira wenyewe umelala mchangani mchana kutwa. Unatoa kijiko cha oili chafu, unaingiza maji na mchanga. Sioni faida.

Ikiwa kweli umenunua pikipiki ambayo mwenyewe wa kwanza hakuitunza, na oili yake hutoka nzito kama lami, iko njia ya haki ya kuisafisha, nayo ni oili yenyewe. Mwaga kama tulivyoeleza, utie oili mpya ya namba ile ile, ya bei nafuu lakini ya kweli, uendeshe pole kwa kilometa mia mbili au tatu, kisha umwage tena ikiwa moto, utie ile unayokusudia kuitumia. Oili ya kisasa imetiwa dawa za kuosha ndani yake; itaosha kidogo kidogo, bila kubandua vipande. Ni gharama ya chupa moja zaidi. Wenye mikopo watalalamika, na nawahurumia, kwa maana mkopo wa pikipiki hulipwa kila siku au kila juma, iwe pikipiki yatembea au imelala. Lakini ni kwa sababu hiyo hiyo nasema. Injini ikifunguliwa, mwenye mkopo hununua pistoni na ringi, hulipa fundi, hukosa abiria siku kadhaa, na katika siku hizo deni halilali. Chupa moja ya oili si kitu mbele ya hayo.

Liko jambo jingine ambalo wapiganao na tone la mwisho hulisahau kabisa. Uchafu mwingi wa injini haumo katika oili ibakiayo. Umo katika chujio. Pikipiki nyingine zina filta ya karatasi, ambayo haioshwi bali hubadilishwa. Nyingi ndogo zina wavu mwembamba wa chuma chini ya injini, na baadhi yake zina pia kikombe kizungukacho kwa kasi pamoja na mtaimbo wa injini, kikitupa taka ukutani mwake kwa nguvu ya mzunguko, kama vile tope linavyoruka kutoka katika gurudumu. Taka hizo hukaa humo na kuwa ugumu mweusi mfano wa udongo wa kufinyangia. Wavu ni rahisi kuutoa na kuuosha, na hapo ndipo mafuta ya taa yana kazi yake halali: nje ya injini, ndani ya kopo, kisha wavu ukaushwe vizuri kabla ya kurudishwa. Kikombe chahitaji kufunguliwa ubavu wa klachi, na kazi hiyo mpe fundi anayeijua, kwa muda uliotajwa katika kitabu. Nimewaona watu waliobadilisha oili kwa uaminifu miaka mitatu, wala hawajui kwamba wavu huo upo.

Tukirudi katika kutia oili mpya, kuna hatari iliyo kinyume cha kiu. Mtu aliyebakisha theluthi ndani, kisha akamimina chupa nzima ya lita moja kwa sababu “chupa ni kipimo,” amejaza kupita kiasi. Oili iliyozidi hupigwapigwa na mtaimbo mpaka ikatoa povu, na povu halilainishi chuma kama oili. Nyingine hupanda katika mpira wa pumzi na kuloanisha filta ya hewa, na katika vumbi la huko filta iliyoloa hugeuka tope kabla ya juma kwisha. Kwa hiyo tia kwanza kama robo tatu ya chupa, funga, washa dakika mbili au tatu, zima, ngoja kidogo oili ishuke, halafu upime, pikipiki ikiwa wima. Nyingine zina kijiti cha kupimia na nyingine kidirisha cha kioo ubavuni. Alama ni mbili, na oili yapasa kuwa kati yake, ikikaribia ile ya juu. Soma kitabu ujue kama kijiti hupimwa kwa kukaza au kwa kukiweka tu, kwani hilo peke yake hubadili jibu.

Chupa yenyewe itazamwe maandishi yake. Katika pikipiki nyingi za namna hii, oili moja hulainisha injini, gia na klachi kwa pamoja. Oili nyingine za motokaa zimetiwa dawa za utelezi, na klachi ya pikipiki ikiteleza haipandi kilima na mzigo. Tafuta alama ya JASO MA au MA2, ambayo Wajapani waliiweka kwa ajili ya pikipiki za klachi iliyomo ndani ya oili. Bolti nayo irudishwe na wasa mpya, ikazwe kwa kiasi. Tumbo la injini ni la aluminiamu, na mwenye kuikaza kwa spana ndefu na uzito wa mwili wake atakata nyuzi za tundu, na hapo oili itatoka yote kweli, njiani.

Yabaki habari ya ile oili iliyokwisha kumwagwa. Desturi ya kuimwaga chini kando ya kibanda, ati kutuliza vumbi, si nzuri mahali popote, na katika nchi kame kama ile ya Taru ni mbaya zaidi. Bomba la Mzima, lililojengwa katika miaka ya 1950, lilichimbwa ili kupeleka maji Mombasa, na wakulima na wafugaji wengi walio mbali na barabara hutegemea malambo yanayojazwa na mvua. Mvua ya huko ikinyesha hukusanya kila kilichoko juu ya ardhi na kukipeleka bondeni, na lambo liko bondeni. Shirika la Serikali ya Marekani la kulinda mazingira limekuwa likionya kwamba galoni moja ya oili iliyotumika yaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Nchini Kenya, kanuni za taka za mwaka 2006 zimeweka oili chafu katika hesabu ya taka za hatari. Imwage katika karai, kisha uikusanye katika mtungi wenye kifuniko, na chama cha waendeshaji wa stendi kiweke mtungi mmoja mkubwa kwa wote, ili ukijaa wapewe watu wenye leseni ya kuichukua. Mtu mmoja na lita yake moja hatafutwi na mchukuzi. Stendi yenye pipa huweza kutafutwa.

Wala isipakwe juu ya mbuzi au ng'ombe mwenye upele au kidonda. Najua kwamba wazee wengine huisifu. Ndani yake mna unga wa chuma na sumu za moshi zinazopita katika ngozi, na mnyama hujilamba. Mkono wa fundi ulioingia katika oili hiyo kila siku kwa miaka nao huweza kupata ugonjwa wa ngozi, hata saratani, kwa hiyo sabuni si anasa. Katika mnyororo wa pikipiki pia haifai, kwa sababu ya unga ule ule wa chuma. Kwa mnyororo, isimamishe ile chupa mpya uliyokwisha kuimimina kichwa chini juu ya kikopo usiku mmoja, utapata vijiko kadhaa vya oili safi bila gharama. Kisha itoboe chupa kwa msumari kabla ya kuitupa, maana wako watafutao chupa hizo ili wazijaze oili iliyochujwa kwa kitambaa na kuziuza upya.